Kwa aliyeuliza kuhusu akiolojia na safari: mimi nilianzia kwenye mashua

Mdogo wangu wa Malindi, nimesoma swali lako mara mbili. Umemaliza kidato cha nne, hutulii nyumbani, umeshafika Unguja na hata Kilwa, na sasa unataka kusomea akiolojia ili ufuate njia za biashara za wazee wetu. Baba anasema hiyo si kazi, ni utalii wa kuombea nauli. Wenzangu waliokujibu kabla yangu wamekutajia vyuo, wamefanya vizuri. Mimi nitakueleza nilivyoingia, maana niliingilia mlango wa uani.

Mimi ni wa Lamu. Nilikuwa baharia kwenye mashua ya ami yangu, tukipeleka wageni kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Aliyewahi kwenda anajua: ule mkono wa bahari uliopita katikati ya mikoko hupitika maji yakijaa, na yakianza kupwa ukachelewa, umelala huko na mbu. Kwa hiyo mgeni alipewa saa moja na nusu, basi. Nilimfikisha kwenye msikiti wenye nguzo juu ya kibla, nikamwambia mji ulihamwa zaidi ya miaka 300 iliyopita na watu wake wakavuka kwenda Shela, kisha nikarudi kujilaza kivulini. Historia yangu yote ilikuwa hiyo, na niliisema kama kasuku.

Pia nina kosa la kukiri. Nikiwa na miaka 17 tulipeleka wageni kwenye magofu ya mji wa Shanga, kule kisiwa cha Pate. Maji yamekupwa, vigae, yaani vipande vya vyungu na mabakuli ya kale, vimetapakaa ufuoni kama makombe. Nikaokota kipande cha bakuli la kijani kinachong'aa, ukubwa wa kiganja cha mtoto, mgeni mmoja akanipa shilingi 200. Nikaona nimeula. Sikujua kwamba sheria inakataza, wala kwamba kigae kilichoondolewa bila mtu kuandika kilikuwa wapi na pamoja na vitu gani hakina tena la kusema. Huko kilikoenda ni pambo la kabati.

Miaka michache baadaye watafiti walikuja Pate wakitafuta watu wa kubeba na kuchekecha udongo. Nikachukuliwa. Siku ya kwanza mama mmoja mtafiti alinimwagia mfuko mzima wa vigae kwenye beseni, akanipa mswaki na maji, akasema, "Osha, kisha tenganisha." Nikaosha. Vya rangi rangi nikavipanga mbele kama muuza duka, vile vyeusi vyeusi vya vyungu nikavisukuma pembeni. Alipokuja alivipita vyangu vizuri akavuta lile fungu la pembeni. "Hivi ndivyo mji," akasema. "Hivyo vingine ni wageni."

Halafu akanifundisha kutazama kigae pale kilipovunjikia, usidanganyike na sura yake. Chungu cha hapa petu ukikivunja ndani mara nyingi ni cheusi au kijivu, na chembe za mchanga unazihisi kwa kucha. Kile cha rangi ya feruzi kilichotoka Ghuba ya Uajemi kina mwili wa manjano hafifu, laini, na rangi yake hubanduka. Kauri ya China ni ngumu na imeshikana, haina chembe, ukiigonga inalia. Nilipolisikia lile la kuigonga nikakumbuka shilingi zangu 200, nikanyamaza. Siku zote zilizobaki nilihesabu vyungu vya kupikia. Kwa kila kigae cha ng'ambo, vya hapa ni lundo, nawe lazima uvihesabu vyote, uvipime na uviandike namba kwa wino.

Nakwambia haya kwa sababu wewe unapenda mwendo, na kazi hii sehemu kubwa ni kukaa. Lakini usikate tamaa, sikiliza kilichonitokea Pate.

Ilikuwa Julai, kusi, upepo wa kutoka kusini, imekaza. Tulimaliza kazi, tukapaki masanduku, na kwa siku tatu hakuna nahodha aliyekubali kutoka. Mimi nikawa nalalamika barazani kama mtu wa bara. Mzee mwenye nyumba tuliyofikia akanitazama akacheka. "Mwanangu, siku tatu? Waliokuwa wakija hapa na majahazi waliingia na kaskazi, wakatoka na kusi. Hiyo ni miezi. Hebu niambie, miezi yote hiyo walilala kwa nani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nirudi shule.

Ramani za biashara ya kale unazoziona huwa na mishale: Uarabuni hadi Lamu, India hadi Malindi. Mshale haungoji upepo. Jahazi hungoja. Linakuja na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kati ya Desemba na Machi. Kusi ikishika Aprili, aliyemaliza shughuli anatweka mapema, na aliyechelewa anakaa mpaka demani, kusi inapolegea, kwa kuwa Juni na Julai bahari haina mzaha. Mali yenyewe pia haikuwa imepangwa dukani. Pembe za ndovu zitoke bara, boriti zikatwe mikokoni, ambari na magamba ya ng'amba yakusanywe kidogo kidogo. Mfanyabiashara alihitaji mwenyeji wa kumlaza, kumwekea mali na kumdhamini. Ile nyumba ya mawe yenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, unayoiona Lamu, na daka la mbele la kupokelea wageni, itazame tena ukiwa na swali la mzee yule kichwani.

Basi chukua Shanga. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale miaka ya 1980, na chini ya msikiti wa Ijumaa alikuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa midogo ya miti, ya karne ya 8. Mawe yalikuja baadaye. Mji ulikua polepole papo hapo. (Na ile hadithi ya kwamba jina Shanga limetoka Shanghai ya China, tafadhali. Merikebu za Zheng He, amiri wa Kichina, zilifika pwani hii karne ya 15. Shanga ilikuwa na miaka zaidi ya 600 na ilikaribia kuhamwa. Wachina walikuja, hilo halina ubishi, na twiga wa Malindi alifika China mwaka 1415. Lakini mji hauwezi kupewa jina na mgeni ambaye hajazaliwa.)

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani, pamoja na ya Manda na Faza. Ulionyesha kwamba tangu kama mwaka 1000 watu wa miji hii walikuwa na damu iliyochanganyika: upande wa Afrika ukitoka zaidi kwa wanawake, na upande wa Asia, hasa Uajemi, ukitoka kwa wanaume. Mitandaoni watu waligombana wiki nzima, Washirazi, wanaosema asili yao ni Uajemi, na wasio Washirazi. Mimi nilimkumbuka mzee wangu wa Pate. Walilala kwa nani? Walioa, na watoto wakasema lugha ya mama zao.

Sasa yako wewe. Usianze na Kilwa, umekaa juu ya hazina. Magofu ya mji wa kale wa Gede ni mwendo wa kupanda matatu tu. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba huko kuanzia 1948, na nyumba zake zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Nenda siku isiyo na msururu wa wanafunzi, ukae humo asubuhi nzima. Nenda Mambrui ukaone kaburi la mnara lililopachikwa mabakuli ya Kichina. Pale pale Malindi mjini kuna makaburi ya minara kando ya msikiti wa Ijumaa ambayo bila shaka unayapita kila siku ukienda sokoni. Chora, pima kwa hatua, andika tarehe. Usiokote kitu.

Jitolee kwenye makumbusho, hata kama ni kufagia na kupanga masanduku, kwa sababu timu za uchimbaji huchukua vijana wanaojulikana pale. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha akiolojia. Kiarabu kitakusaidia kusoma maandishi ya makaburini, na kama ulikuwa unakimbia kemia, irudie. Mshahara? Nitakuwa mkweli: kuna miezi ninayopata na miezi ninayorudi kwenye mashua ya ami. Baba yako hajakosea kabisa, ila mwambie kutalii ni saa moja na nusu.

Ukitaka kuja Lamu, njoo kaskazi ikianza. Panda basi hadi Mokowe, uvuke, uniulizie gatini kwa wenye mashua. Tikiti ya kurudi usikate.