Jibu: Shashi iliyosahaulika tumboni, hospitali inakataa kutoa faili

Habari mkuu, pole sana kwa shemeji. Umesema hospitali ya wilaya ilisahau shashi tumboni alipojifungua kwa upasuaji, hospitali ya pili ikaitoa, na sasa ile ya kwanza inakunyima faili.

Anza na hospitali ya pili. Omba ripoti ya upasuaji iliyosainiwa na daktari, itaje kilichotolewa na kilikutwa wapi, pamoja na majibu ya ultrasaundi. Huo ndio ushahidi mzito kuliko wote. Kwa ile ya kwanza, shemeji mwenyewe aandike barua kwa Mganga Mfawidhi, maana siri ya mgonjwa ni yake. Wewe wanaweza kukukatalia. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Ataje fomu ya upasuaji yenye hesabu ya shashi kabla ya kufunga tumbo. Wengi huishia kupewa karatasi ya ruhusa tu, ambayo haisaidii.

Malalamiko dhidi ya daktari yanakwenda Baraza la Madaktari Tanganyika, ya muuguzi Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wanaweza kumfutia usajili, lakini fidia inadaiwa mahakamani. Na muda hausubiri Baraza limalize: madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, na kwa hospitali ya serikali lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Hukusema upasuaji ulikuwa lini. Kama mnakaribia kumaliza mwaka wa tatu, mwone wakili wiki hii hii, faili litafuata.