Nilidhani mwanangu ametulia

Mwanangu alikuwa kidato cha tatu, ana miaka 16. Ghafla nyumba ikawa kimya. Habishani na dada yake, hagombanii rimoti, akirudi shule anaingia chumbani na kufunga mlango. Nilimsifu mpaka kwa majirani: "Wangu sasa amekua, ametulia." Nikiyakumbuka maneno hayo moyo unaniuma, maana kipindi hicho alikuwa anavuta bangi karibu kila siku.

Sisi wa Temeke mateja tunawajua. Unamkuta mtu kituoni amesinzia wima, ameinama mpaka karibu kugusa chini, na haanguki. Kwangu mimi, mtumiaji wa dawa za kulevya alikuwa yule. Wangu alikuwa anaoga, ananyoosha shati, anawahi namba shuleni.

Dalili zilikuwepo, ila kila moja niliitafutia jibu. Dawa ya matone ya macho kwenye mfuko wa sare: vumbi la barabarani. Udi chumbani kwa mtoto wa kiume kila jioni: usafi. Sufuria ya wali kumalizwa saa nne usiku: anakua. Kibiriti cha gesi: umeme unakatika. Nauli ya wiki kuisha Jumatano nayo niliwasingizia makonda. Na rafiki yake wa tangu darasa la tatu hakuja tena. Wakaja wengine wanaopiga mluzi nje, hawaingii kusalimia. Hii ya mwisho ningeiweka ya kwanza. Mtoto akibadilisha marafiki wote ndani ya muhula mmoja, na hao wapya wanakukwepa, kaa naye siku hiyo hiyo.

Pombe ndiyo sikuiona kabisa. Viroba, yale mapakiti madogo ya pombe kali, vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilishukuru Mungu, nikaona watoto wetu wamepona. Kumbe pombe kali humiminwa kwenye chupa ya juisi na kuingia nayo darasani. Halafu, nani alimzoesha kuibeba? Sisi wenyewe tulikuwa tunamtuma dukani kwa Mangi akamletee baba yake bia, wakati sheria hairuhusu kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Tulipogundua, tulikosea tena. Baba yake alimchapa. Kisha tukampeleka kwa bibi yake Morogoro, tukiamini kijijini hakuna mambo hayo, nasi tunasikia kila mara mashamba ya bangi yanateketezwa kwenye milima ya huko huko. Shangazi yake akasema karogwa. Maombi tulifanya na sijutii, lakini tulikuwa bado hatujamuuliza mtoto mwenyewe.

Afisa ustawi wa jamii ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia: kabla ya swali lolote, mwambie hatapigwa, na neno hilo mlilinde. Nikasubiri jioni moja tukiwa tunachambua maharage, maana mikono ikiwa na kazi na macho hayakutani, mtoto huongea. Akaniambia alianza na pombe kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake. Bangi ilikuja baada ya babu yake kufariki, kwa sababu usiku hapati usingizi. Babu ndiye aliyemlea mpaka darasa la pili. Wakati wa msiba ule sisi watu wazima tulihangaika na wageni, michango na mirathi. Yeye tulimtuma kukodi viti.

Tangu siku ile nauli nampa ya siku moja moja, na baba yake hamtumi tena bia. Nina namba za mama wanne wa rafiki zake. Tukisikia jambo tunaambizana bila kuoneana aibu. Jumapili mchana tunakula wote, simu zikiwa mbali.

Kama wako amefika kwenye unga, yaani heroini, au anakunywa pombe kali kila siku, usimfungie ndani ili "aache". Arosto, yale maumivu ya mwili ukikosa unga, ni mateso, na mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Mpeleke hospitali. Muhimbili walianza kutoa methadoni, dawa ya kuwasaidia watumiaji wa heroini kuiacha, mwaka 2011, na sasa hata hapa Temeke ipo. Ukikosa pa kuanzia, piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Na usione aibu kuonekana pale; mimi aibu ilinichelewesha miezi minne.

Wangu aliteleza mara mbili baada ya hapo. Mara ya pili alinipigia mwenyewe, saa tano usiku, yuko Mbagala. "Mama, njoo unichukue." Nilipanda bodaboda na kanga ya kulalia. Tukarudi nyumbani, nikampashia chakula, na usiku ule sikumuuliza kitu.