Nywila ya Ubuntu inapokataliwa na folda ya pamoja

Ndugu, umeeleza kwamba kompyuta yako ya Ubuntu, ambao ni mfumo endeshi wa aina ya Linux, inaonekana kwenye Windows 11 ya mkeo, lakini akifungua folda ya picha anaombwa nywila, na ile unayoingilia Ubuntu inakataliwa. Sababu ni kwamba Samba, programu inayoiwezesha Linux kugawana mafaili na Windows, hutunza nywila zake yenyewe, hivyo mtumiaji hatambuliwi mpaka umsajili kwa amri ya sudo smbpasswd -a ikifuatiwa na jina lake la Ubuntu. Hakikisha pia kwamba mtumiaji huyo anaruhusiwa kusoma na kuandika katika folda yenyewe, kwa kuwa Samba haiwezi kumpa haki ambayo Linux imemnyima.

Nakusihi usikubali ushauri wa kuwasha SMB1, yaani toleo la kwanza la SMB, utaratibu ambao Windows na Samba hutumia kugawana mafaili, kwani udhaifu wa toleo hilo ndio uliotumiwa na WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili na kudai fidia, kusambaa mwaka 2017, ilhali Windows 11 na Samba ya sasa huwasiliana kwa SMB3 bila wewe kubadili chochote. Mwisho, itengee kompyuta ya Ubuntu anwani ya kudumu ya mtandao (IP) kwenye ruta, ili njia ya mkato utakayomwekea mkeo isipotee anwani ikibadilika.