Mashine inatabiri, inabashiri au inakadiria?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa lishe, nipo Makambako. Kwenye semina tulionyeshwa programu inayochambua taarifa za kliniki (uzito wa kuzaliwa, urefu wa mtoto, umri wa mama, chanjo) kisha inataja kaya za kutembelewa kwanza. Mwezeshaji alisema “inatabiri watoto watakaodumaa”. Niliporudia maneno hayo kijijini, mama mmoja alimvuta mwanawe kifuani akaniuliza, “Kwa hiyo mmeshamwandikia?” Nikakosa la kusema. Neno sahihi ni lipi: kutabiri, kubashiri au kukadiria? Na hii elimu yenyewe (kwa Kiingereza “machine learning”), tuiite “ujifunzaji wa mashine”?

JIBU: Marahaba, na kamwene. Huyo mama ana sikio zuri la lugha. Kilichomshtua hakikuwa kitenzi chako peke yake, ila nianze nacho kwa kuwa ndicho ulichouliza.

Kubashiri liache. Asili yake ni Kiarabu, kuleta habari njema, na kamusi zinalikubali kwa maana ya kueleza yajayo. Lakini pita stendi Jumamosi jioni usikie vijana: kubashiri siku hizi ni kubeti, na kinachobashiriwa huishia kwenye mkeka uliochanika. Mwambie baba wa mtoto kwamba serikali imembashiria mwanawe, atakuuliza timu gani inacheza.

Kutabiri si kosa. Zamani tulitabiri hata ndoto, yaani kuzifasiri, na mfasiri wa ndoto hakuwa mwotaji. Alisoma dalili akasema anachokiona. Programu yako inafanya karibu hivyo hivyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutoa utabiri kila siku na hakuna anayeshtuka, kwa sababu mvua haina mama wa kusikia ikitajwa. Mtoto anaye. Na akishatajwa mtoto, neno hili linabeba sauti ya nabii na ya mpiga ramli, ambao hawana mazoea ya kusema “labda”.

Mimi nachagua kukadiria. Kila diwani anayajua makadirio ya bajeti, na kila mwananchi anajua kwamba makadirio hukosewa. Hiyo ndiyo heshima ya neno hili: limezoea kukosea hadharani. (Wajuzi wa Kiarabu watanikumbusha kwamba kadiria na kadari ni ndugu wa mzizi mmoja. Kweli, lakini Mtanzania akisikia kukadiria anawaza kipimo, hawazi majaaliwa.)

Sasa kilichomshtua mama. Ni ile -ta- iliyomo ndani ya “watakaodumaa”. Kiswahili kina ngazi nyingi za kusema la kesho, na mwezeshaji wenu alipanda iliyo juu kuliko zote. “Atadumaa” ni kauli iliyofungwa. “Huenda akadumaa” inaacha mlango wazi. “Yumo hatarini kudumaa” haisemi kesho kabisa, inaeleza alipo leo. “Asipopata lishe ya kutosha, huenda akadumaa” inamweka mama mwenyewe ndani ya sentensi, kwa sababu sharti analiona na analiweza, kwa sehemu yake. Lakini “watoto watakaodumaa” hufanya zaidi ya kutaja yajayo: hiyo -taka-o- huwakusanya watoto wawe kundi linalojulikana, kama “wanafunzi watakaohamishwa”. Orodha ipo, majina yapo, imebaki siku tu. Ndiyo maana akauliza kama mmeshamwandikia. Sarufi ndiyo iliyomwambia hivyo.

Na kauli hiyo si kali tu, ni ya uongo. Programu haijui la mtoto mmoja. Imepitia watoto wengi wa nyuma, ikaona kwamba wenye hali fulani walidumaa mara nyingi zaidi. Inachoweza kusema kwa haki ni hiki: tuseme kati ya watoto 100 wenye hali kama hii, 70 walidumaa. Kama mwanao yumo kwenye 70 au kwenye 30, haijui. Tena mnamtembelea ili asidumae. Mkifanikiwa, “atadumaa” yenu imegeuka uongo, na mnapaswa kufurahi.

Ukiandika ripoti, jihadhari pia na neno “usahihi”. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 50.4 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe na asilimia 56.9 Iringa, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30. Huko huko kwenye mahindi, viazi na maparachichi! Sasa fikiria mtu asiye na mashine wala kalamu, anayesema “huyu kadumaa” kwa kila mtoto anayemwona Iringa. Atapatia watoto 57 hivi katika 100. Kwa hiyo ukiambiwa “usahihi asilimia 60”, uliza programu iliwakosa wangapi waliokuwa hatarini, na iliwasingizia wangapi ambao hawakuwamo. Kukosa na kusingizia ni maneno ya kijiweni, lakini yanatenganisha makosa mawili ambayo “usahihi” unayachanganya.

Kuna mfano wa Marekani unaoonyesha neno moja linavyoweza kugeuza sera. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Ziad Obermeyer na wenzake kuhusu programu iliyochagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Waliotaka kujua uhitaji wa mgonjwa walikuwa wameiuliza gharama: nani atatumia fedha nyingi za matibabu? Matibabu ya wagonjwa weusi yalikuwa yakitumia fedha kidogo kuliko ya weupe wenye ugonjwa ule ule, basi mashine ikawaona wana hatari ndogo, kumbe wanaumwa zaidi. Watafiti walikadiria kwamba kurekebisha hilo kungepandisha sehemu ya weusi miongoni mwa wanaopewa msaada kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hesabu ilikuwa safi. Iliyokosewa ni nomino. Kwa hiyo kabla ya semina nyingine, muulize mwezeshaji “hatari” kwenye programu yenu imepimwa kwa kipimo gani: urefu wa mtoto kwa umri wake, au mahudhurio ya kliniki? Mama wa mbali asiyefika kliniki ataonekana mzima kabisa.

“Ujifunzaji wa mashine” utalikuta kwenye maandishi mengi, na umbo lake halina kasoro. Walimu husema “ufundishaji na ujifunzaji” kila siku. Shida ni ile “wa”. “Ujifunzaji wa Kiswahili” ni mtu anajifunza Kiswahili, basi “ujifunzaji wa mashine” unanipeleka moja kwa moja chuo cha ufundi cha VETA, kwa kijana anayejifunza cherehani au mashine ya kusaga. “Kujifunza kwa mashine” nako kunaweza kuwa kujifunza kwa kutumia mashine, kama kula kwa mkono. Kwenye kichwa cha ripoti andika “mashine kujifunza”, linatosha. Mbele ya watu sema “programu iliyofundishwa kwa taarifa za kliniki”. Iliyofundishwa ina aliyeifundisha, na mwananchi ana haki ya kuuliza ni nani.

Turudi kwa mama. Ukimkuta tena, programu usiitaje kwanza. Mwambie: “Mama, tumepitia kadi za watoto wengi. Wenye uzito wa kuzaliwa kama wa mwanao, wengi wao walichelewa kurefuka, na wengine walikua vizuri. Tumekuja kwako mapema ili wako awe kati ya hao waliokua vizuri. Leo amekula nini?” Halafu nyamaza, umsikilize akijibu.