Maswali ya Wasomaji: Cheti cha Kuendesha Kreni Marekani

Wasomaji wanaofanya kazi za ujenzi Marekani wametuandikia kuhusu vyeti vya kreni. Tumechagua maswali matano.

Swali: Nina leseni ya lori kubwa, na kreni ya kazini ni ya magurudumu. Bosi anasema kama naweza kuifikisha saiti, basi niipande niinue mizigo. Ni sahihi?

Jibu: Si sahihi. Leseni ya barabarani inaishia pale unapozima injini ya safari na kushusha miguu ya pembeni. Kuinua mzigo kwenye ujenzi kuna kanuni yake, namba 1926.1427 ya OSHA, idara ya serikali ya Marekani ya usalama kazini. Sehemu kubwa ya sura yake ya sasa ilianza kutumika 10 Desemba 2018. Inadai mambo matatu, na hakuna moja linaloziba pengo la jingine: mafunzo, cheti kutoka taasisi ya mitihani iliyoidhinishwa (kinadumu miaka 5), na tathmini ya mwajiri mwenyewe. Kreni ndogo zenye uwezo wa kuinua usiozidi pauni 2,000, yaani kilo 907 hivi, hazidaiwi cheti, lakini mafunzo yanabaki palepale. Kumbuka pia kwamba baadhi ya majimbo na majiji, New York likiwemo, yana leseni zao. Na gharama ya cheti unachodaiwa kazini ni ya mwajiri, usikubali ikatwe kwenye mshahara wako.

Swali: Nina cheti cha kreni ya mkono wa teleskopu. Nimehamia kampuni yenye kreni ya mkono wa vyuma vilivyosukwa kama mnara wa simu. Wananiambia cheti hakifai, na hata kwenye kreni yao ya teleskopu wanataka kunipima upya. Wananionea?

Jibu: Hawakuonei. Cheti hutolewa kwa aina ya kreni, na hizo ni aina mbili. Mkono wa teleskopu unaurefusha kwa wenzo ukiwa kebini. Ule wa kusukwa unaurefusha kwa kuunganisha vipande chini, na makosa ya kufunga na kufungua vipande hivyo yameua watu ambao hata hawakuwa wameinua mzigo.

Kuhusu kupimwa upya, cheti kinathibitisha kwamba umefaulu mtihani wa aina hiyo. Hakisemi kwamba unaimudu mashine hii, ikiwa na mkono wa urefu huu na uzito huu wa kusawazisha nyuma. Hilo analithibitisha mwajiri wa sasa, na lazima aliandike: jina lako, jina na saini ya aliyekupima, tarehe, kampuni iliyotengeneza kreni, modeli na namna ilivyofungwa. Ukishapimwa kwenye mashine moja, si lazima upimwe tena kwenye nyingine ya mwajiri huyohuyo, ilimradi aweze kuonyesha kuwa haidai ujuzi tofauti sana.

Swali: Nimeanguka mtihani wa maandishi mara mbili, na zote ni jedwali la mizigo. Nakosea wapi?

Jibu: Huenda unasoma namba iliyo sahihi, kisha unaitumia kana kwamba yote ni ya mzigo. Jedwali la mizigo huonyesha kreni inaweza kuinua tani ngapi kwa kila rediasi, yaani umbali wa mlalo hadi kwenye mzigo. Tuchukue mfano wa kujifunzia. Jedwali linatoa tani 8.2 kwa rediasi ya mita 10, na tani 6.4 kwa mita 12. Mzigo ni tani 5.6 na uko mita 10.8. Mtahiniwa anakisia kati ya safu mbili, anapata kama tani 7.5, anaandika "unainuka".

Hapo kuna makosa mawili. Kwanza, rediasi ikiangukia kati ya safu, unachukua safu ya mbali zaidi: mita 12, tani 6.4. Pili, hizo 6.4 zinabeba kila kinachoning'inia. Toa bloku ya ndoano tani 0.3, slingi na shakeli (kamba na pingu za kufungia mzigo) 0.1, na makato ya kirefusho cha mkono (jib) kilichokunjwa ubavuni mwake 0.5. Zinabaki 5.5. Mzigo wa 5.6 hauinuki. Kwa hesabu ya kukisia, hata baada ya makato ungedhani una tani nzima ya ziada!

Angalia na haya. Rediasi hupimwa kutoka katikati ya mzunguko wa kreni, wala si kutoka shina la mkono. Nayo huongezeka mzigo ukiachana na ardhi, kwa sababu mkono unapinda. Miguu iliyotolewa nusu ina jedwali lake, na kuinua ukiwa juu ya matairi kuna lake. Kamba nayo ina kikomo: ikiwa mstari mmoja unavuta tani 3 na umeipitisha mara 2 kati ya mkono na ndoano, mwisho wako ni tani 6 hata jedwali likisema 8.

Jambo ambalo wengi hulidharau ni mstari mzito unaogawa majedwali mengi. Namba za chini yake zimewekwa kwa hofu ya kreni kupinduka. Za juu yake, kwa hofu ya chuma kuvunjika. Anayesema "nitahisi kreni ikianza kuinuka" hajui kwamba upande wa juu wa mstari huo, mkono unaweza kukatika kabla mguu haujacheza.

Swali: Kiingereza changu cha kusoma ni cha kuungaunga. Naweza kufanya mtihani kwa lugha yangu?

Jibu: Kanuni inaruhusu lugha yoyote unayoielewa, taasisi ikiwa inayo. Tatizo linakuja baada ya hapo. Cheti kitataja lugha uliyofanyia mtihani, na utaendesha tu kreni yenye kitabu na jedwali la mizigo kwa lugha hiyo. Kwa maoni yetu, ni heri miezi michache ya kujifunza Kiingereza cha jedwali na kitabu cha mashine. Maneno yake si mengi na yanajirudia.

Swali: Niko mafunzoni. Mwalimu wangu akienda kupumzika, niendelee?

Jibu: Dakika zisizozidi 15, mara moja tu kwa saa, na kwa kazi aliyokutajia kabla hajaondoka, iliyo ndani ya uwezo wako. Lakini kuna kazi ambazo mwanafunzi hagusi hata mwalimu akiwa kando yake: kuinua watu, kuinua mzigo mmoja kwa kreni mbili, au kufanya kazi mahali ambapo kreni, kamba au mzigo vikifika mwisho wa rediasi vinaweza kuwa ndani ya futi 20 kutoka waya wa umeme wa hadi kilovolti 350. Waya ukizidi hapo, ni futi 50.