Usiuze HE400se kabla hujazima pangaboi

Usiiuze. Mwambie huyo mnunuzi umeghairi, kisha rudi usome.

Kwa aliyeingia sasa: ndugu yetu yuko Lamu, mtaa wa Langoni, chumba cha ghorofani. Ana hedifoni ya HiFiMan HE400se na kidude cha USB-C cha kuchomeka kwenye simu ili kuiendesha. Analalamika besi ni nyembamba, na kwenye taarab mlio wa kanuni, ile ala ya nyuzi, "unakatika kabla haujaisha". Muuzaji mmoja kamwambia dawa ni kupanda daraja: auze hiyo, aongeze pesa, achukue Arya ya HiFiMan hao hao. Anataka tumlinganishie hedifoni za planari za mgongo wazi kwa bei tatu, halafu ana maswali ya amplifaya, ya waya wa balanced na ya mito ya velveti. Na katikati ya maelezo yake, kama mtu anayetaja bei ya samaki, kaandika: "pangaboi halizimwi, joto kali."

Hapo nikaacha kusoma, maana ugonjwa umeshajitaja wenyewe. Tatizo lako si la dola 150 wala la dola 1,500. Linazunguka juu ya kichwa chako.

Mgongo wazi maana yake nyuma ya utando hakuna ukuta, kuna wavu tu. Utando wenyewe, kwenye planari, ni filamu nyembamba kuliko unywele, imetandazwa njia za metali za kupitisha umeme, ikakaa mbele ya safu ya sumaku. Ukitikisika unatoa sauti pande mbili: ya mbele inaingia sikioni, ya nyuma inakwenda zake chumbani. Mlango wa kutokea ndio huo huo wa kuingilia. Pangaboi, punda anayelia saa tisa usiku, jenereta ya jirani, mashine ya boti inayotoka gatini, vyote vinakufikia karibu kama hukuvaa kitu. Na hili hakuna muuzaji atakayekuambia: ukipanda bei haliponi. Susvara, ya daraja la juu la HiFiMan, ilitoka kwa dola 6,000, na kwa kuzuia kelele haina cha kuipita HE400se yako. Huko juu watengenezaji wanashindana kuufungua mgongo zaidi, hawashindani kuuziba.

Hesabu yake ni hii. Tuseme unasikiliza kwa wastani wa desibeli 75, kiwango cha mtu anayeyapenda masikio yake. Muziki hauko juu muda wote. Kanuni ikidonolewa, mpigo wa kwanza uko juu, halafu mkia wa mlio unashuka taratibu hadi desibeli 30 au 40 chini ya wastani huo, yaani hadi 45, hadi 35. Pangaboi likiwa kwenye namba tatu, ukilipima usawa wa sikio, si ajabu lisome 50. Basi kinachoshuka chini ya hapo mara nyingi kinamezwa. Kanuni yako haikatiki, iko pale pale, imefunikwa tu. Besi ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu mvumo wa pangaboi mwingi wake uko chini, kule kule besi inakokaa. Tena upepo wenyewe ukiupiga wavu wa nyuma unaongeza mnong'ono wake.

Sasa mtu hufanyaje? Anaongeza sauti. Kuinyanyua kwa desibeli 10 unahitaji umeme mara kumi, kile kidude kinaanza kukwaruza, mtu anasema "amplifaya haitoshi". Ananunua amplifaya. Mkwaruzo unaondoka, besi bado imezama, anasema "basi ni hedifoni". Anauza kwa bei ya huruma, anachukua Sundara. Mwezi mmoja wa furaha, maana kitu kipya kina utamu wake, kisha malalamiko yale yale. Anauza tena, Edition XS. Anauza tena, Arya. Kila mzigo unalipiwa usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16, na kila anachouza kinarudisha kama nusu. Mwishoni kuna mtu Lamu amekaa na kitu cha zaidi ya laki mbili kichwani anasikiliza pangaboi lake kwa ubora wa hali ya juu kabisa. Ngazi hiyo naijua kila kidato. Msiniulize naijuaje, mke wangu husoma humu.

Halafu masikio. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, kikomo chake ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa moja. Anayeshindana na pangaboi hufika huko bila kujua, kwa sababu planari haipigi kelele ikipandishwa. Inabaki safi, tamu, nawe unaendelea.

Na huyo muuzaji wako, wallahi naona kama namjua, ingawa wako wengi wa aina yake. Duka lina kiyoyozi kinachonong'ona, zulia, kioo mlangoni. Anakuvisha, unasikia pumzi ya mwimbaji, unatoa pesa. Hakuulizi hata mara moja: unakaa wapi? Dirisha lina kioo au ni nondo na pazia? Juu yako kuna nini? Ukirudi kulalamika jibu lake ni moja tu, "panda daraja". Angekuwa daktari angekukata mguu kwa kiatu kinachobana. Na hawa wa YouTube nao, wengi wanarekodi kwenye nchi ambazo dirisha hufungwa kwa baridi. Kwao kelele ya chumba si habari. Kwetu kaskazi ikishaingia, kulala bila feni ni adhabu.

Kwa hiyo, kabla ya kumjibu mtu, pima chumba. Weka kwenye simu programu yoyote ya kupima desibeli yenye uzani wa A na wa C. Tumia C, kwa sababu A inaipunguza mivumo ya chini, nayo ndiyo tunayoitafuta. Kaa mahali unaposikilizia, simu usawa wa sikio, kidole mbali na tundu la maikrofoni. Dakika moja pangaboi limezimwa na limesimama kabisa, andika wastani. Dakika moja likiwa kwenye kasi yako ya kawaida, andika. Simu si kipimo cha maabara na besi za chini kabisa haizisikii vizuri, lakini tofauti ya namba mbili za simu moja inatosha kutoa hukumu. Ikizidi 10, sahau kabisa habari za kupanda daraja.

Kisha pima kwa sikio. Tafuta toni ya hezi 40, vaa hedifoni, pangaboi limezimwa, anzia sauti sifuri upandishe hatua moja moja mpaka uisikie kwa mbali. Hesabu hatua. Washa pangaboi, subiri lishike kasi, rudia. Zile hatua za ziada ndizo besi unayoibiwa kila usiku. Arya haitakurudishia hata moja.

Ungali na toni hiyo hiyo masikioni, weka viganja juu ya vikombe uvisogeze kichwani polepole sana. Polepole! Ukivibana ghafla hewa inausukuma utando, utasikia "tak", na utando ukishajikunja haunyooki. Besi ikipanda unapobana, basi pia unavujisha mbele. Planari hubaki na besi hadi chini kabisa ikiwa tu mto umeshika kichwa pande zote. Mkono wa miwani, ukingo wa kofia, mtandio uliokunjwa chini ya mto, nywele nene, chochote cha unene wa milimita chache kinatosha kuimwaga besi. Vua kofia, itakusubiri.

Pangaboi likizimwa, HE400se yako itageuka kitu kingine. Bado ukiiona nyembamba, weka Wavelet kwenye simu ya Android, nyanyua chini ya hezi 100 kwa desibeli 4, na ushushe sauti ya jumla kwa 4 hizo hizo ili isikwaruze. Planari huvumilia nyongeza hiyo bila kuchafuka, na ni bure.

Joto nalijua. Kama nyumba yenu ni ya mawe ya zamani, hama chumba cha ghorofani usikilizie chumba cha ndani kabisa, chini. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe hupunguza joto na punda kwa pamoja. Kama hakuna, toa pangaboi uweke feni ya mezani miguuni, kasi ya chini kabisa, mbali na kichwa. Ukizidisha umbali mara mbili kelele hupungua hadi desibeli 6 mahali pa wazi, chumbani pungufu ya hapo, lakini hata 3 si haba. Na kama huwezi kuzima kabisa, mgongo wazi si mali yako, iwe ya bei yoyote. Chukua planari ya kuchomeka sikioni, mfano 7Hz Timeless yenye spika ya milimita 14.2. Inaziba sikio, pangaboi linabaki nje. Haina upana wa jukwaa, ile hisia ya sauti kutandaa mbele yako, kweli. Ila utausikia mkia wa kanuni.

Ulinganisho ulioutaka, haraka haraka, na ni kwa mwenye chumba kimya tu. HE400se, iliyotoka kwa dola 149 ikashuka hadi 109, gramu 390: sehemu kubwa ya kinachoitwa planari tayari iko hapo. Sundara ilitoka 2018 kwa dola 499 na imeshuka sana tangu hapo, gramu 372: sauti za juu ni safi zaidi, kwenye udi unausikia ukucha wa mpigaji, besi haikuzidi kwa kiasi cha kuuzia kitu. Edition XS ilitoka kwa 499, gramu 405: kikombe kikubwa cha umbo la yai, jukwaa pana, ila vikombe havigeuki kushoto na kulia, na mwenye kichwa kidogo huvujisha chini ya taya. Arya ilitoka kwa 1,599, gramu 404: mkanda wa kichwani mzuri zaidi, na vitu vidogo vinatengana zaidi. Tofauti ipo, lakini ni ya aina ile ambayo pangaboi namba moja tu linaifuta. Audeze LCD-X, imekuwa ikiuzwa dola 1,199, gramu 612. Shingo yako, uamuzi wako.

Amplifaya: HE400se kwa miliwati moja inatoa desibeli 91, na ukinzani wake ni omu 25. Kwa usikilizaji wa kawaida hata miliwati hiyo moja huimalizi. Kilele cha desibeli 110 kinataka kama miliwati 80, volti 1.4. Kidude cha Apple cha soko la Marekani hutoa volti 1, cha Ulaya nusu yake, na kwenye simu nyingi za Android hupungua zaidi, hivyo ukiwa nacho hicho badilisha. Arya ya awali ni desibeli 90 na omu 35, inataka karibu volti 1.9 kwa kilele hicho hicho. Yaani umeshauriwa uhame kutoka kitu ambacho kidude chako kinakihangaikia uende kwa kingine kigumu zaidi, bila kuambiwa. Susvara ni desibeli 83 tu, inataka nusu wati na volti 5.5. Hiyo tuwaachie wenye mahoteli Shela.

Jambo la pwani kabla sijasahau, maana maswali yako mengine nimeshayasahau na sirudi juu kuyatafuta. Usiiache hedifoni dirishani upande wa bahari. Chumvi inapita kwenye wavu kama inavyopita kelele. Ifute jasho, iache ikauke, kisha itie kwenye boksi lenye kifuniko na vifuko viwili vitatu vya silika. Ukiifungia ikiwa na jasho umepika kutu. Mito ya ngozi bandia itachunika kwa unyevu wetu hata ufanyeje, nunua ya akiba. Na iwe mbali na fundi anayekata chuma. Sumaku za planari zinavuta unga wa chuma hewani, chembe moja ikigusa utando utasikia mkwaruzo kwenye besi kila mpigo, na hakuna wa kuitoa bila kufungua spika.

Leo baada ya isha, watoto wakilala, pima. Niletee namba mbili, ya pangaboi likizunguka na ya limesimama, pamoja na zile hatua za hezi 40. Na ukivaa miwani, ulikuwa useme.