Maswali ya Wasomaji: Lango lilifunguliwa, karo ikabaki

SWALI: Assalaam aleikum. Binti yangu amesoma kwamba mwaka 1954 mahakama ya Marekani ilikataza kutenga wanafunzi kwa rangi, lakini nasikia shule za huko mpaka leo zimegawanyika. Hukumu ilipungukiwa na nini? Na hapa Mombasa zilichanganywaje?
Baba Salma, Majengo

JIBU: Waaleikum salaam, Baba Salma. Hukumu ya Brown ya Mei 17, 1954 haikuweka tarehe ya mwisho ya utekelezaji, na wapinzani waliitumia nafasi hiyo vilivyo. Kaunti ya Prince Edward, Virginia, ilifunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964 ili zisichanganywe. Watoto Weupe walifunguliwa shule ya binafsi. Weusi wengi walikaa bure.

Pigo zito zaidi lilikuja kimyakimya, kwa njia ya pesa na mipaka. Mwaka 1973 majaji 5 kati ya 9 wa mahakama hiyohiyo walikataa kuingilia mgawo wa fedha za shule huko San Antonio, Texas. Mtaa wa Edgewood, wenye wakazi wengi wa asili ya Meksiko, ulikuwa ukipata dola 26 tu kwa kila mwanafunzi kutoka kodi yake ya majengo. Alamo Heights, mtaa wa Weupe wenye uwezo, ulipata dola 333. Tena Edgewood ndio waliojitoza zaidi: dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, wenzao senti 85. Nyumba zao zilikuwa za bei ya chini, basi hata wajikamue vipi wasingewafikia.

Mwaka uliofuata, katika kesi ya Detroit, majaji 5 dhidi ya 4 walikataa mpango wa kuchanganya wanafunzi wa mjini na wa wilaya 53 za pembezoni. Aliyehamia ng'ambo ya mpaka akawa hafikiwi na amri.

Kwetu, serikali ya kikoloni ilitenga shule za Wazungu, Wahindi, Waarabu na Waafrika. Allidina Visram ilikuwa ya Wahindi, Khamis ya Waarabu. Tume ya Ominde ya 1964, iliyochunguza elimu baada ya uhuru, ilitaka ziunganishwe, na malango yakafunguliwa. Lakini zilizokuwa za Wazungu nchini ziliachwa na karo ya juu, hivyo Mwafrika aliyeingia ni yule mwenye nazo. Kwa maoni yetu hilo ndilo kosa kubwa la miaka ile, na swali linalofuata ni zao la kosa hilo.

SWALI: Mwanangu anaingia Gredi ya 1 skuli ya serikali. Nimeambiwa nilete 3,000 za dawati ndipo apokewe. Ni haki?
Mama Riziki, Likoni

JIBU: Si haki, mama. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza shule ya umma kumtoza Mkenya karo ya masomo. Michango mingine lazima iwe imeidhinishwa na waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, itolewe risiti rasmi, na mtoto asizuiwe kusoma kwa kukosa kuilipa. Kifungu cha 34 kinakataza kumbagua kwa rangi, kabila, dini au lugha.

Wazazi wengi hukwama kwa sababu hukataliwa kwa mdomo, au hutuma pesa kwenye simu ya mwalimu, kisha hawana cha kuonyesha. Andika barua nakala mbili: jina la mtoto, tarehe uliyofika, kiasi ulichodaiwa na aliyekidai. Uliza idhini ya mchango huo iko wapi. Nakala yako igongwe muhuri; wakikataa, andika pembeni saa na jina la aliyekataa, na uliyefuatana naye atie sahihi.

Usipojibiwa, peleka nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo ya Likoni, kisha kwenye bodi ya kaunti. Ukipinga uamuzi wa bodi, kifungu cha 93 kinakuruhusu kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za elimu. Wakati huo wote mpeleke mtoto shuleni kila asubuhi na sare yake. Akirudishwa, ongeza tarehe hiyo kwenye barua.